London, Desemba 1952: Ukungu Ulioua Maelfu Bila Kuandikwa Kwenye Cheti

Katika wiki iliyoishia Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1952, ofisi za usajili za London Kuu ziliandikisha vifo 4,703. Wiki kama hiyo mwaka 1951 vilikuwa 1,852. Hapakuwa na vita, wala kipindupindu, wala jengo lililoporomoka. Ukivichukua vyeti vya vifo hivyo ukavisoma kimoja kimoja, unakutana na maneno yaleyale ya kila majira ya baridi Uingereza: mkamba (uvimbe wa njia za hewa mapafuni), nimonia, moyo kushindwa kazi, kifua kikuu. Marehemu mmoja mmoja, kila kifo kilikuwa na maelezo yake ya kutosha. Muuaji alionekana pale tu vyeti vilipopangwa kwa wiki, kwa umri na kwa ugonjwa, vikajumlishwa.

Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa na yeyote anayeshika daftari la vifo vya wilaya au manispaa. Habari za giza, mabasi kusimama na watu kupotea njia zimesimuliwa vya kutosha. Hesabu zake hazisomwi sana.

Kwanza tahadhari moja ya namba. Takwimu za kisa hiki zipo za maeneo mawili, na waandishi wengi huzichanganya. London Kuu ilikuwa na watu kama milioni 8.3 kwa sensa ya 1951. Ndani yake kulikuwa na Kaunti ya London, yaani mitaa ya katikati, yenye watu kama milioni 3.3. Ile 4,703 ni ya London Kuu. Mgawanyo wa magonjwa na umri tutakaouangalia hapa chini ni wa Kaunti, ambako vifo vilivyosajiliwa vilipanda kutoka 945 katika wiki iliyoishia tarehe 6 hadi 2,484 katika wiki iliyoishia tarehe 13.

Sufuria iliyofunikwa

Alhamisi tarehe 4 Desemba, mgandamizo mkubwa wa hewa ulitulia juu ya kusini mwa Uingereza. Usiku ulikuwa wa baridi, upepo karibu hakuna. Ardhi ilipoteza joto, hewa iliyoigusa ikapoa, na juu yake, mita 100 hadi 200 tu kutoka chini, ikabaki hewa yenye uvuguvugu. Siku za kawaida mambo huwa kinyume: hewa ya chini ndiyo yenye joto, hupanda, na hupanda na moshi. Safari hii hewa nzito ya baridi ilikaa chini, na ile ya juu ikawa kifuniko. Jiji lenyewe liko kwenye bonde la mto Thames, kwa hiyo hata pembeni hewa haikuwa na njia nzuri ya kutokea.

Ukungu wa kawaida hupasuka jua likishika kasi. Jua la Desemba London huwa chini mno angani na hutua kabla ya saa kumi jioni. Masizi yalipoyatia giza matone ya ukungu, mwanga kidogo uliobaki haukufika ardhini, ardhi haikupata joto, na kifuniko hakikuondoka. Baridi ikazidi, watu wakaongeza makaa mekoni, moshi ukaongezeka. Mzunguko huo ulijilisha wenyewe tangu Ijumaa tarehe 5 hadi Jumanne tarehe 9, upepo wa magharibi ulipoingia.

Katika uwanja wa ndege wa Heathrow mtu hakuweza kuona zaidi ya mita 10 kwa karibu saa 48 kuanzia asubuhi ya tarehe 6. Mabasi yalisimama, treni za chini ya ardhi ndizo zilizoendelea. Magari ya wagonjwa yalitanguliwa na mtu anayetembea kwa miguu akishika taa. Tarehe 8, ukumbi wa Sadler's Wells ulikatiza onyesho la opera kwa sababu ukungu ulikuwa umeingia ndani na watazamaji hawakuiona jukwaa vizuri.

Wa kwanza kuonekana wanakufa walikuwa ng'ombe. Walikuwa wameletwa kwenye ukumbi wa Earl's Court kwa maonyesho ya mifugo ya Smithfield, wanyama walionona, wa kushindania tuzo. Kama 60 walihitaji matibabu makubwa, mmoja akafa na wengine 12 wakachinjwa. Daktari wa mifugo ana faida moja ambayo daktari wa watu hana: wagonjwa wake wote wako ukumbi mmoja, wamefika siku moja, na jana walikuwa wazima. Wagonjwa wa binadamu walitawanyika katika vyumba maelfu, kila mmoja na daktari wake, kila mmoja na kikohozi chake cha miaka.

Moshi wa nani?

Vituo vya umeme vya Battersea, Bankside, Fulham na Greenwich vilikuwa ndani ya jiji na vyote vilichoma makaa ya mawe. Ni rahisi kuvilaumu. Lakini moshi mweusi wa London ulitoka zaidi kwenye meko za sebuleni. Tanuri kubwa la umeme huunguza makaa kwa joto kali na hewa ya kutosha, kwa hiyo kaboni nyingi inakwisha kabla ya kufika kwenye dohani. Meko ya nyumbani hufanya kinyume. Makaa mapya yanamwagwa juu ya moto mdogo, yanapashwa kabla ya kuwaka, na lami iliyomo inageuka mvuke na kutoka ikiwa haijaungua. Ndiyo moshi ule mzito, wa njano ukielekea kahawia, unaonata ukutani. Tena dohani ya nyumba hutoa moshi wake kwenye usawa wa paa, mita chache juu ya pua za watu. Kamati ya serikali iliyoundwa baadaye ilikadiria kuwa meko za nyumbani zilitoa karibu nusu ya moshi wote, ingawa zilichoma chini ya robo ya makaa.

Na makaa yenyewe yalikuwa duni. Uingereza ilikuwa bado kwenye mgao miaka saba baada ya vita. Makaa mazuri yaliuzwa nje kutafuta fedha za kigeni, na raia waliachiwa chenga zilizochanganyika na vumbi. Tarehe 1 Desemba 1952, siku nne kabla ya ukungu, chenga hizo zilitolewa kwenye mgao ili watu wanunue watakavyo.

Salfa ni hesabu rahisi. Makaa yenye salfa asilimia 1.5 yana kilo 15 za salfa katika kila tani, na salfa ikiungua uzito wake unakuwa mara mbili kama dioksidi: kilo 30 kwa tani. Hapa kuna namba moja inayozunguka sana, kwamba kila siku ya ukungu tani 370 za dioksidi ya salfa ziligeuka kuwa tani 800 za asidi ya salfa. Kemia haikubali. Kilo 64 za dioksidi hutoa kilo 98 za asidi, basi tani 370 haziwezi kuzidi tani 566 za asidi halisi hata zikigeuka zote. Anayeinukuu ile 800 bila kuigusa na kalkuleta anarithi kosa la mwenzake.

Vipimo vilikuwepo, na hilo si jambo dogo kwa mwaka ule. Hewa ilivutwa kwa pampu kupitia karatasi nyeupe ya chujio. Weusi wa doa ulilinganishwa na kipimo ili kupata moshi. Kisha hewa hiyohiyo ilipitishwa ndani ya maji yenye haidrojeni peroksaidi, ambayo huigeuza dioksidi ya salfa kuwa asidi, na asidi ikapimwa kwa kuizimua na alkali. Tarehe 4 moshi ulikuwa miligramu 0.49 kwa mita ya ujazo. Tarehe 5 ulifika 2.64, tarehe 6 ukawa 3.45, na tarehe 7 na 8 ukasimama 4.46. Dioksidi ya salfa ilitoka sehemu 0.14 kwa milioni hadi 1.34. Usiulinganishe moja kwa moja moshi huo na viwango vya leo vya chembe ndogo, maana njia ya doa hupima weusi, haipimi uzito wala ukubwa wa chembe. Unafaa kujilinganisha wenyewe kwa wenyewe, siku kwa siku, na kwa kazi hiyo unatosha.

Kusoma daftari

Weka vifo vya kila siku pembeni ya vipimo hivyo. Tarehe 1 Desemba vilikuwa 112. Tarehe 4, 120. Tarehe 5, siku ukungu ulipoanza, 196. Kisha 294, 513, na tarehe 8 vikafika kilele cha 518. Tarehe 9 vilikuwa 430, na tarehe 10, hewa ikiwa imeanza kusafika, 274.

Jambo la kwanza la kuona ni kasi. Ugonjwa wa kuambukiza hauendi hivyo. Mafua makali huanza na mtaa, yakaingia shule, yakapanda kwa wiki mbili tatu, na vifo vikafuata nyuma ya wagonjwa. Hapa vifo vilianza kupanda siku ileile moshi ulipopanda, na vilishuka upepo ulipokuja. Uhusiano wa siku kwa siku kama huo unaelekeza kwenye kitu kilichowafikia watu wote kwa pamoja, kwa kuvuta pumzi.

Msomaji makini atauliza: mbona ukijumlisha vifo vya siku zote za tarehe 1 hadi 6, pamoja na ya 2 na ya 3 ambazo hazikutajwa hapo juu, unapata 1,005, wakati wiki iliyoishia tarehe 6 imeandikwa vifo 945 tu? Jibu ni kwamba hesabu ya kila siku inafuata tarehe mtu aliyofariki, na ile ya wiki inafuata tarehe kifo kilipoandikishwa. Sheria ya Uingereza iliwapa ndugu siku tano za kwenda kwa msajili. Aliyefariki Ijumaa usiku huenda akaingia daftarini Jumatatu. Kosa hili hutokea kila mahali. Ofisa anayetazama daftari la wiki iliyopita ataona utulivu kwa sababu tu vyeti bado viko mifukoni mwa wafiwa. Wiki mbili za mwisho za daftari lolote la usajili zisomwe kama hesabu ambayo haijakamilika, na kulinganisha kufanywe na wiki ileile ya miaka iliyopita. Ukitumia wiki iliyotangulia peke yake, baridi ya kawaida itakudanganya.

Sasa magonjwa. Kaunti ya London, vifo vilivyosajiliwa, wiki ya kwanza na wiki ya pili:

Mkamba: 76, kisha 704
Nimonia: 45, kisha 168
Kifua kikuu cha mapafu: 14, kisha 77
Mafua makali: 2, kisha 24
Mishipa ya damu ya moyo: 118, kisha 281
Kuchakaa kwa misuli ya moyo: 88, kisha 244
Saratani ya mapafu: 45, kisha 69

Mkamba ulipanda zaidi ya mara tisa. Peke yake ulichukua 628 kati ya vifo vya ziada 1,539, sawa na asilimia 41. Ila usiishie hapo. Mistari miwili ya moyo kwa pamoja iliongeza vifo 319, zaidi ya kimoja katika kila vitano vya ziada. Mtu anayedhani moshi ni shida ya mapafu peke yake angeviacha vyote hivyo nje ya hesabu. Saratani nayo haikuota kwa siku nne. Waliokuwa nayo tayari ndio waliozidiwa. Vivyo hivyo kifua kikuu: bakteria hawakuongezeka, mapafu yaliyobaki ndiyo yaliyokosa nafasi.

Umri una fundisho zaidi, na mara nyingi hurukwa kwa kusemwa tu kwamba "wazee na watoto ndio walioathirika". Wenye miaka 75 na zaidi walitoka 355 hadi 949. Wa miaka 65 hadi 74, kutoka 254 hadi 717. Wa miaka 45 hadi 64, kutoka 237 hadi 652. Piga hesabu ya mara ngapi: 2.67, 2.82, 2.75. Ni karibu sawa! Mfanyakazi wa miaka 50 alizidishiwa hatari yake kwa kiwango kilekile cha bibi wa miaka 80. Wazee walikuwa wengi miongoni mwa maiti kwa sababu hatari yao ya kuanzia ilikuwa kubwa, na mzidisho ule ukaikuta iko juu tayari. Watoto chini ya mwaka mmoja walitoka 28 hadi 54, karibu mara mbili. Wa miaka 15 hadi 44, 61 hadi 99. Waliopona karibu kabisa ni wa mwaka 1 hadi 14: 10 hadi 13.

Ndani ya mwili mambo yalikwenda hivi. Dioksidi ya salfa huyeyuka upesi kwenye unyevu, kwa hiyo ikiwa peke yake nyingi yake huishia puani na kooni. Ikipanda juu ya chembe za masizi, au ikishageuka asidi ndani ya vitone vidogo, hupita hadi kwenye matawi madogo ya mapafu. Huko husababisha misuli ya njia za hewa kukaza na tezi kutoa makohozi mengi. Mtu mwenye mapafu mazima anakohoa, macho yanamwasha, analala. Mtu wa mkamba sugu ambaye njia zake ni nyembamba tangu zamani hana pa kupunguzia: makohozi yanaziba, oksijeni inashuka, mishipa ya mapafu inakaza, na upande wa kulia wa moyo unasukuma dhidi ya mlango uliofungwa. Ndipo moyo unaposhindwa. Wanaume wengi wa umri ule walikuwa wavutaji wa sigara wa miaka mingi. Chanzo cha mkamba wao hakikuwa kimoja. Ukungu uliikuta akiba yao ya pumzi imekwisha kuliwa.

Mstari usiokuwepo

Cheti cha daktari cha sababu ya kifo, kwa mpangilio wa kimataifa uliokuwa umeanza kutumika, kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina mistari inayoshuka: (a) kilichomuua moja kwa moja, (b) kilichosababisha (a), (c) kilichosababisha (b). Sehemu ya pili ni maradhi mengine yaliyochangia. Karani wa takwimu hutafuta sababu ya msingi, ambayo kwa kawaida ni ile ya mstari wa chini kabisa uliojazwa. Kwa mgonjwa wa Desemba ile, cheti kilichojazwa kwa uangalifu kingesomeka: moyo kushindwa kazi, kutokana na nimonia, kutokana na mkamba sugu. Takwimu inachukua mkamba. Hewa aliyovuta haina mahali.

Daktari hakukosea. Alijaza alichokiona na alichoweza kukitetea. Hata kupasua maiti kusingemsaidia sana, maana mapafu ya mkazi yeyote wa London ya zama zile yalikuwa na masizi. Sampuli chache za mapafu ya waliokufa wakati ule zilihifadhiwa, na mwaka 2003 watafiti walipozichunguza kwa darubini ya elektroni walikuta chembe za kaboni pamoja na za metali, risasi ikiwemo. Nusu karne imepita ndipo ushahidi ukasomeka.

Fomu ya mtindo huohuo ndiyo inayojazwa leo katika hospitali za Kenya na Tanzania, na mtego wake wa kawaida ni mbaya kuliko wa London: mstari (a) umeandikwa "moyo kusimama" na chini yake patupu. Kila anayekufa moyo wake husimama. Cheti cha namna hiyo hakimsaidii yeyote, si kwa moshi, si kwa malaria, si kwa shinikizo la damu.

Hoja mbili za kupunguza hesabu

Ya kwanza ni kwamba waliokufa wangekufa tu. Ukungu uliwaharakishia kwa siku chache. Hoja hii inapimika. Kama ingekuwa kweli, baada ya kilele vifo vingeshuka chini ya kawaida, kwa kuwa waliokuwa mahututi wameshaondoka. Rudi kwenye hesabu ya siku: tarehe 13 vilikuwa 256, tarehe 14, 222, tarehe 15, 213. Tarehe 1 vilikuwa 112. Karibu wiki nzima baada ya ukungu, vifo bado ni karibu mara mbili ya mwanzo wa mwezi. Katika London Kuu wiki iliyoishia tarehe 20 ilisajili 3,138. Shimo linalotabiriwa na hoja hiyo halipo.

Ya pili ni ya mafua, na hii ilidumu muda mrefu zaidi. Ripoti ya Wizara ya Afya, iliyotoka 1954, ilikubali vifo vya ziada kama 4,000 na kuvihusisha na ukungu. Lakini vifo viliendelea kuwa juu Januari na Februari 1953, na hivyo vikawekwa kwenye fungu la mafua makali. Kwa Desemba hoja ya mafua haisimami hata kidogo: mafua yaliongeza vifo 22 tu kati ya 1,539. Kwa miezi iliyofuata kweli mafua yalikuwepo, na mzozo ni wa kiasi. Mwaka 2001 Michelle Bell na Devra Davis walizirudia hesabu na kufikia vifo vya ziada kama 12,000 kuanzia Desemba 1952 hadi Februari 1953, na kazi iliyofuata mwaka 2004 ikaonyesha kwamba ili mafua yaeleze vifo vyote vya miezi ile, yangepaswa kuwa makali kupita kiasi kinachoaminika. Kwa maoni yetu 4,000 isomwe kama kiwango cha chini chenye ushahidi wa siku kwa siku, na 12,000 kama makadirio ya athari nzima, ambayo yanabeba ndani yake shaka ya mafua na baridi. Kuzitaja zote mbili kana kwamba ni majibu ya swali moja ni kumchanganya msomaji.

La kusikitisha zaidi, hesabu ilikuwa imeshafanywa kabla. Desemba 1930 ukungu wa namna hii katika bonde la Meuse, Ubelgiji, uliua watu zaidi ya 60. Firket, aliyechunguza kisa hicho, aliandika miaka michache baadaye kwamba hali kama ile ikitokea London vifo vya ghafla vingefika 3,200 hivi. Oktoba 1948 mji mdogo wa Donora, Pennsylvania, ulizika watu 20. Maonyo yalikuwepo kwenye maktaba.

Sheria, kadi na meko

Serikali haikukimbilia. Kamati chini ya Sir Hugh Beaver iliundwa katikati ya 1953, ikatoa ripoti ya awali Desemba mwaka huo na ya mwisho Novemba 1954. Mbunge Gerald Nabarro alipeleka muswada wake binafsi, na shinikizo hilo likaifanya serikali ilete wa kwake. Sheria ya Hewa Safi ilipita Julai 1956.

Sheria hiyo ilikuwa ya utendaji kuliko maneno. Ilikataza moshi mweusi kutoka kwenye dohani, na weusi ulipimwa kwa kadi ya Ringelmann: michoro ya vyumba vya mistari myeusi, namba 1 ikiwa asilimia 20 ya weusi, namba 2 asilimia 40, na kuendelea. Kadi inasimamishwa mbali kiasi cha mistari kuonekana kama rangi moja ya kijivu, kisha ofisa analinganisha na moshi. Namba 2 au zaidi ni kosa. Udhaifu wake ni kwamba hukumu hubadilika na mwanga: moshi uleule wenye anga jeupe nyuma yake huonekana mweusi zaidi, na usiku kadi haina kazi.

Kitu cha maana zaidi kilikuwa maeneo ya kudhibiti moshi. Halmashauri ilitangaza eneo, ikahesabu meko nyumba kwa nyumba, kisha kila meko ikabadilishwa kutumia koki (makaa yaliyokwisha kuondolewa gesi na lami), gesi, umeme au makaa magumu yasiyo na lami. Asilimia 70 ya gharama iliyokubalika ililipwa na hazina na halmashauri. Mwenye nyumba alibeba 30. Bila fungu hilo sheria ingekuwa amri kwa maskini kukaa na baridi. Palipokwama ni kwenye miji ya migodi, ambako mchimbaji alipata makaa yake kama sehemu ya ujira. Nani angemwambia anunue koki?

Salfa haikuguswa ipasavyo. Battersea na Bankside walikuwa wakiuosha moshi wao kwa maji, jambo lililopunguza gesi lakini likaupoza moshi hata ukakosa nguvu ya kupanda, ukashukia mitaa ya jirani. Desemba 1962 ukungu ulirudi. Dioksidi ya salfa ilifikia viwango vya kukaribia vile vya 1952, moshi ukiwa umepungua sana, na vifo vya ziada vilikadiriwa kuwa 700 hivi. Tofauti hiyo ina mvuto kwa anayetaka kujua kipi kinaua zaidi, ingawa si jaribio safi: safari hii madaktari na wagonjwa walijua hatari, na wengi walibaki ndani.

Wakati huo Pat Lawther na Robert Waller, katika kitengo cha utafiti kilichokuwa hospitali ya St Bartholomew's, walikuwa wamewapa wagonjwa wa mkamba vitabu vidogo vya kuandika kila siku: leo nafuu, leo kama jana, leo vibaya. Vitabu hivyo vilipowekwa pembeni ya vipimo vya hewa, siku mbaya za wagonjwa zilifuata siku mbaya za moshi, hata bila ukungu wa kutangazwa redioni. Kupungukiwa pumzi kulikuwa kumepata daftari lake, nje ya cheti cha kifo.

Cheti chenyewe kilichukua muda zaidi. Februari 2013 mtoto wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki kwa pumu huko Lewisham, kusini-mashariki mwa London, alikoishi karibu na barabara yenye magari mengi. Tarehe 16 Desemba 2020 mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, alitoa uamuzi wa uchunguzi wa pili wa kifo hicho, na mistari ikajazwa hivi: (a) kushindwa kupumua kwa ghafla, (b) pumu kali, (c) kuvuta hewa chafu.